Kifua cha Mabula

Karani Ignas alifika na koti mkononi kabla umande haujakauka. Limi, mke wa Mabula, alikuwa ameinama juu ya jamvi akianika michembe ya viazi vitamu, na alipomwona karani na lile koti alijua asubuhi yake imekwisha haribika.

"Mwangaluka, Mama Kalisti."

"Mwangaluka. Koti la nani hilo?"

"La mhudumu wa klabu ya Wazungu. Mzee atalivaa kesho kwenye sherehe, jioni nitakuja kulichukua. Tafadhali mwambie asilitemee."

Limi alinyoosha mgongo taratibu. "Wewe ukikohoa huwa unachagua pa kutemea?"

Ignas alilikunja koti upya mkononi. Alikuwa kijana aliyesoma kwa mapadri, na kazi yake katika ofisi ya mgodi wa Ibambasi, upande huu wa Geita, ilikuwa kuwatafsiria Wazungu maneno ya wachimbaji na kuwatafsiria wachimbaji hasira za Wazungu. Juma lile alikuwa amekabidhiwa sherehe nzima, na shingo ilikuwa imemkakamaa kama aliyebebeshwa mtungi wa watu.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya daktari wa mgodi. Jina lake la Kizungu lilikuwa gumu, basi watu walimwita Bwana Pumua, maana kila aliyeingia chumbani mwake aliambiwa, "Pumua. Pumua tena. Zuia. Pumua." Miaka mingi alikuwa akiwapiga wachimbaji picha za kifua na kuwapulizisha mifuko ya mpira, na watu wakadhani ni wazimu wa Kizungu tu. Mwishowe akasema jambo ambalo hapo Ibambasi hakuna aliyewahi kulisema: kwamba watoboaji miamba wanaokonda na kukohoa hawana kifua kikuu, wala hawajarogwa. Wamevuta vumbi la jiwe, na vumbi hilo limeyafanya mapafu yao kuwa jiwe. Habari ilivuka bahari. Chama cha madaktari wa kifua huko Ulaya kikaamua kumtunukia nishani, na kwa kuwa daktari alikataa kuacha wagonjwa wake, nishani ikawa inamfuata yeye.

Limi hakuwa na chuki na Bwana Pumua. Mabula alipoanza kuugua, ndugu zake walikuja kutoka Kishapu na neno moja tu vinywani: mwanamke huyu anamla mume wake. Nkwabi, kaka mkubwa wa Mabula, alikataa hata uji alioupika Limi. Ni daktari aliyekuja, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akawainulia juani ile picha nyeusi ya kifua cha Mabula yenye madoa meupe, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Si mwanamke. Ni jiwe." Tangu siku ile hakuna aliyemwita Limi mchawi mbele ya uso wake. Kwa hilo alimshukuru. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kumvika mgonjwa koti la mhudumu ni jambo jingine.

Ndani, Mabula alikuwa ameketi kitandani, mgongo umeegemezwa kwenye magunia. Siku hizi alilala hivyohivyo, ameketi, maana akilala chali pumzi ilimtoroka.

"Sasa, mzee," Ignas alisema, "bwana mkubwa atakapokuita, utasimama useme: Ahsante daktari, sasa ninapumua vizuri. Hebu tujaribu."

"Ahsante... daktari," Mabula akasema, akapumzika. "Sasa..."

"Lakini hapumui vizuri," Limi akasema toka mlangoni.

"Mama Kalisti, hayo ni maneno ya sherehe."

"Basi mpelekeni anayepumua."

"Anayepumua hana picha," Ignas akajibu, naye akaona haya kwa neno lake mwenyewe.

Limi alimtazama mumewe akitegemea aseme, basi, sitakwenda. Mabula alikuwa ameliweka koti mapajani, analipapasa vifungo. Alikuwa akitabasamu. Limi akarudi kwenye michembe yake akiwa amefura.

*

Viti vilipangwa chini ya turubai mbele ya ofisi ya mgodi. Walikuwapo Bwana Shauri wa wilaya, meneja wa mgodi, mabibi zao, na mgeni mwenye nywele nyeupe aliyeleta nishani katika kijisanduku cha bluu. Wachimbaji wa zamu ya usiku na wake zao walisimama juani, nyuma ya kamba. Zamu ya mchana haikuruhusiwa kupanda. Kazi iliendelea, na kila baruti ilipolipuliwa chini, bilauri za wageni zilitetemeka mezani.

Picha ya kifua cha Mabula ilikuwa imetundikwa katikati ya fremu mbili, jua likaipita kwa nyuma hata mbavu zikaonekana kama viunzi vya paa la nyumba. Mabula mwenyewe aliwekwa kwenye kiti kando yake, amevaa koti lililompwaya mabega. Bibi mmoja wa Kizungu alimwuliza Ignas jambo. Ignas akamwonyesha Mabula kwa kidole. Bibi akamtazama Mabula kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akarudi kuitazama picha kwa muda mrefu.

"Picha ina bahati kuliko mwenyewe," jirani mmoja akanong'ona.

"Nyamaza," Limi akamwambia, ingawa naye alikuwa akiwaza hilohilo.

Meneja alizungumza. Ignas akatafsiri kwamba mgodi wa Ibambasi una fahari kubwa, kwamba umetoa mchango kwa elimu ya mapafu duniani kote, kwamba jina la Ibambasi sasa linatajwa katika miji mikuu. Limi alilitafuna hilo neno mchango. Mchango wa harusi aliujua, na mchango wa msiba. Katika yote hiyo, anayechanga huulizwa kwanza.

Kisha Mabula aliitwa. Alisimama. Kuinuka tu kulimaliza akiba yake ya pumzi, naye akashika kiti.

"Ahsante daktari," akasema. Watu wakangoja. "Sasa... nina..."

Kikohozi kikamkamata. Alijiziba mdomo kwa mkono mtupu, si kwa mkono wa koti, na Limi alipoona mumewe bado anakumbuka kulilinda koti la watu, macho yalimwuma. Kikohozi hakikwisha upesi. Ignas, jasho likimtiririka, aliwageukia wageni akawatafsiria sentensi nzima kana kwamba imesemwa, na wageni wakapiga makofi.

Daktari hakupiga. Alikuja akamketisha Mabula kwa mikono yake, akavikwa nishani haraka kama mtu anayedungwa sindano, ndipo akasema kwa Kiswahili, bila kumpitia karani.

"Nishani hii nusu yake ni ya Mabula. Wako wakubwa ambao bado hawaamini picha zangu. Mabula ameniahidi kwamba siku akifa, nifungue kifua chake, nitoe mapafu, niwaonyeshe. Hakuna aliyenipa zawadi kubwa kuliko hiyo."

 Mwanamke mmoja akageuka kumtazama Limi, kisha wa pili, kisha wote.

*

"Uliniambia lini?" Limi aliuliza walipofika nyumbani. Alikuwa akimvua lile koti, mkono mmoja mmoja.

"Nilikuwa... natafuta siku."

"Ukaipata leo. Mbele ya mabibi wa Kizungu na majirani zangu wote. Mimi mke wako nimesikia habari ya mwili wa mume wangu nikiwa nyuma ya kamba."

"Limi."

"Na Nkwabi akisikia? Watasema kweli nilikuwa nakula, na sasa nimeita wa kunisaidia."

Mabula alifumba macho. Maneno aliyatoa kwa vipande, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. "Mgodini... walinifukuza kama mbwa. Mwenye kifua kikuu... toka. Nyumbani wakasema... nimerogwa. Yeye peke yake... aliuliza nimefanya kazi gani. Aliuliza... na akasikiliza. Sina kingine... cha kumpa."

Hasira ilimzidi Limi. Alitoka nje na koti, akalikung'uta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo Kalisti, mwana wao, aliporudi toka zamu ya mchana. Alikuwa ameoa karibuni, ana nguvu za dume la ng'ombe, na mwaka ule ndiye aliyekuwa ameshika mashine ya kutoboa mwamba, kazi ya baba yake. Alikuwa mweupe toka nywele hadi viatu, kope zimeganda vumbi.

Limi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Vumbi hilo ndilo lililopewa nishani leo?"

"Ndilo, mama."

"Na hawana dawa yake?"

"Dawa ni maji. Mashine ina tundu lake la maji kabisa. Ukitoboa na maji, vumbi linakuwa tope, haliruki. Bomba ndilo halijaletwa. Nyapara anasema maji yanachelewesha kazi."

"Basi acha kazi."

"Nikachunge ng'ombe wa nani?" Kalisti akauliza, akaenda kunawa.

*

Kesho yake Limi alikwenda hospitali ya mgodi. Mtu wa mlangoni alimwambia daktari ana wageni; Limi akasema atangoja. Akaambiwa benchi ni la wagonjwa, akasema atasimama. Alisimama mpaka daktari mwenyewe alipotoka na kumwona.

"Daktari," akaanza, mara tu mlango ulipofungwa, "jana wamekupa nishani kwa kusema vumbi linaua."

"Ndiyo."

"Na mwanangu leo ameshuka shimoni kulivuta."

Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee na mchovu. Akamweleza: ameomba bomba la maji miaka mingi. Meneja amejibu kwamba wako madaktari wakubwa wanaosema yale madoa meupe yaweza kuwa kifua kikuu tu, na picha si ushahidi. Wagonjwa wauguzwe kwanza, waondolewe kambini, basi. Lakini mapafu yenyewe yakifunguliwa na jiwe likaonekana, hapatakuwa na mabishano.

"Mbona jana meneja alipiga makofi?"

"Nishani imetoka kwa madaktari, mama. Bomba linatoka kwa meneja. Makofi hayana gharama."

"Kwa hiyo mnangoja mume wangu afe, ndipo maji yaje."

Daktari hakukimbia lile neno. "Atakufa, Mama Kalisti. Sikufichi. Kama ningeweza kumponya ningemponya, hata hiyo nishani ningeitupa. Siwezi. Ninachoweza ni kuwazuia wengine."

Limi alitamani awe mtu mbaya, apate kumtukana akarudi nyumbani na moyo mwepesi. Lakini alikuwa mtu mzuri asiye na bomba. Akaondoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa akizungumza peke yake hata watoto wakampisha.

*

Mabula alidumu mpaka mvua za kwanza. Nkwabi aliitwa kutoka Kishapu, akafika na fimbo yake na tope mpaka magotini, akaketi mlangoni pa nduguye. Alikuwa amekwisha kusikia habari za kifua. Habari kama hiyo haiozi njiani. Alfajiri moja, Limi akiwa amemshika mabega, Mabula alivuta pumzi ndefu kuliko alizokuwa akivuta siku zile, akaiachilia, hakuvuta nyingine.

Jua lilipochomoza daktari alikuwa uani, kofia mkononi. Hakuuliza. Alisimama tu, na wote walijua alilolifuata.

"Hapana," Nkwabi alisema. "Ndugu yangu si mbuzi wa sikukuu. Atazikwa mzima, kama baba zetu."

Wazee waliokuwapo waliitikia kwa koo. Daktari aliinamisha kichwa. "Ninyi ndio wenyewe," akasema, akageuka kwenda zake.

"Ngoja," Limi akasema.

Alikuwa hajalia bado. Nguo yake ilikuwa imelowa jasho la mume wake. "Alitoa neno, na neno lake sitalivunja mimi. Lakini nina langu. Meneja aje."

"Aje wapi?"

"Pale utakapomfungua. Asimame, aone kwa macho yake. Picha hakuiamini. Asiletewe barua wala picha nyingine akazibishie. Aje yeye."

"Mama, hatakubali."

"Basi tunazika mchana huu, na kila mmoja abaki na alichonacho. Wewe na nishani yako, yeye na vumbi lake."

Daktari alimtazama muda. Kisha akavaa kofia, akaondoka kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo.

Nkwabi aligonga ardhi kwa fimbo. "Shemeji, umekwisha kuuza mwili wa ndugu yangu?"

"Kama nauza, taja nilicholipwa," Limi akajibu. "Yule pale Kalisti. Mtazame vizuri. Unataka tumzike naye kwa heshima za mababu?"

Kalisti alikuwa ameketi chini ya ukuta, kichwa mikononi. Alikohoa kidogo, kikohozi kikavu, cha kusafisha koo tu. Nkwabi alimtazama mtoto wa nduguye, akaiweka fimbo chini.

Jua lilikwisha kupanda sana, na waombolezaji walikwisha anza kuuliza habari za kaburi, gari lilipokuja. Ignas alishuka kwanza, akamnong'oneza Limi yaliyotokea. Daktari alikuwa ameingia ofisini mwa meneja bila kubisha, akaiweka nishani mezani. Alisema atairudisha Ulaya kwa posta ya leo, na pamoja nayo ataandika kwa nini. Meneja alipiga kelele, akatishia, akanyamaza. Sasa alikuwa ndani ya gari, amekunja uso, mikono magotini.

*

Chumba cha maiti walikompeleka Mabula kilikuwa nyuma ya hospitali, kidogo, kina dirisha la wavu. Limi hakuruhusiwa kuingia, naye hakutaka. Alisimama nje kando ya dirisha pamoja na Nkwabi, migongo yao ukutani. Walisikia nyayo, maji yakimiminwa, daktari akizungumza kwa sauti ya chini. 

Kisha wakaisikia. Kisu kilikuwa kikikwaruza. Haikuwa sauti ya kisu ndani ya nyama; Nkwabi alikuwa amechinja ng'ombe tangu ujana wake na aliijua ile. Hii ilikuwa sauti ya panga juu ya kinoo. Ikakoma, ikaanza tena, na meno ya Limi yakapata ganzi.

Nkwabi alijishusha polepole mpaka akachuchumaa. "Ni jiwe kweli," akasema. Kisha, bila kumtazama: "Na mimi niliukataa uji wako."

Limi alisikia akataka kumwambia ni sawa, yamepita. Hayakuwa sawa. Alimwekea mkono begani tu, kwa kuwa alikuwa mzee na alikuwa amefiwa, na hapo ndipo machozi yake mwenyewe yalipopata njia.

Meneja alitoka. Uso wake ulikuwa kama majivu. Alisimama ameshika ukuta, akamwona Limi, akafungua mdomo. Ignas akasogea tayari kutafsiri. Meneja akaliendea gari kwa miguu, akalipita, akarudi nyuma akaliingia.

Mabula alizikwa jioni ile. Daktari alibakiza kipande kimoja ndani ya chupa, na vingine vyote vikarudi na mwenyewe, kama alivyowaahidi ndugu.

*

Bomba halikuja mara moja. Kwanza walikuja watu wa kupima, kisha mvua ikakata barabara, kisha ikasemwa mabomba yaliyoletwa si ya kipimo chake. Limi aliyasikia yote haya kwa Ignas, akachoka hata kukasirika. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa Kalisti aliporudi toka zamu jioni moja, amelowa tope toka kidevuni hadi miguuni, anatetemeka.

"Maji yenyewe ni barafu," akalalamika kabla hata ya kusalimu. "Unashika mashine, yanakurudia usoni, yanaingia shingoni, huoni unapotoboa. Nyapara anafoka kutwa nzima kwamba tumekuwa kama kondoo walionyeshewa."

Limi alimzunguka, akamtazama nywele, akamtazama kope. Alipitisha kidole nyuma ya sikio lake, akakitazama kile kidole. Kilikuwa na tope.

"Vua huko huko nje," akasema. "Na utafua mwenyewe." Kisha akauliza, "Wote mmepata?"

"Sisi wa juu tu. Wale wa kule chini kabisa, Wasumbwa na wageni, bado wanatoboa kavu. Wanasema bomba limeishia kwetu."

Limi alirudi jikoni kukoroga ugali. Aliinua mwiko, akaushusha, akaachia pumzi nzito.

Asubuhi alijifunga khanga yake nyeusi ya msiba akaenda hospitali. Safari hii mtu wa mlangoni alimwona tangu mbali, akampisha bila neno. Bwana Pumua alikuwa ameinamia kifua cha kijana mmoja, mipira ya kusikilizia masikioni. Alipomwona Limi alimwashiria yule kijana ashushe shati, akavuta kiti kwa mguu, akamsogezea.

"Karibu, Mama Kalisti. Nasikia maji yamefika."

"Yamefika juu," Limi akasema, akakaa. "Sasa tuzungumze habari za chini."